Nimefunga LED kali kwenye Probox, mbona mbele bado giza na kila mtu ananipigia fulu?

"Shikamoo fundi. Niko Kigoma mjini, nina Probox nabebea dagaa kupeleka Kasulu na saa nyingine Uvinza, natoka usiku wa manane au narudi usiku. Taa zilikuwa hafifu kama kibatari, fundi mmoja huku Mwanga akanifungia LED za wati 200 kwa mujibu wa boksi. Sasa karibu na gari kumekuwa kweupe kama mchana lakini mbele sioni, juzi nusura nimgonge mtu wa baiskeli kabeba mkaa, na kila ninayepishana naye ananipigia fulu wakati mimi niko dimu. Rafiki yangu anasema nitoe niweke balbu za wati 100, mwingine anasema zenoni ndo mwisho wa matatizo. Na mimi mwenyewe nikipishana na masemi nabaki kipofu sekunde kadhaa. Nina miaka 46. Niweke taa gani?"

Marahaba ndugu yangu, na pole kwa huyo wa baiskeli, mshukuru Mungu ulimkosa.

Nikujibu kwanza halafu nieleze, maana najua unasoma hili fundi kashashika bisibisi anakusubiri: zitoe hizo LED, rudisha halojeni (balbu ya uzi) ya kawaida ya 60/55, yaani wati 60 za fulu na 55 za dimu, za wati 100 usiweke, na zenoni kwenye taa ya aina hiyo usiziguse kabisa. Najua utasema mzee si ndo unanirudisha kwenye kibatari. Hapana. Kibatari chako hakikuletwa na balbu, ndo maana kubadilisha balbu hakujakusaidia kitu. Mimi nafanya umeme wa magari hapa Tabora miaka mingi na nikikuambia kati ya gari kumi zinazoletwa "fundi taa hazioni", nyingi zinaondoka na balbu za wati zile zile zilizokuja nazo, utadhani nakutania.

Tuanze na hilo la karibu kweupe mbele giza, maana hapo ndo watu wengi wanapotea. Wewe uko Kigoma kwa hiyo mfano unao nyumbani. Nenda Kibirizi usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wakiwa wameshatoka na karabai zao (siku hizi wengine wameshahamia taa za sola, ni yale yale). Ukiwa nchi kavu unaziona zimejipanga kule ziwani kama mji. Sasa panda mtumbwi ukae pale pale kwenye karabai, maji ya karibu unaona mpaka dagaa wanavyozunguka, ila nyanyua uso uangalie ufukweni, ni ukuta mweusi. Zima taa usubiri dakika chache, milima inaanza kujitokeza yenyewe. Mboni ya jicho inajifunga kufuata kile kinachong'aa zaidi mbele yako, na ikishajifunga, ule mwanga kidogo unaorudi kutoka mbali hautoshi tena. LED zako zinakufanyia hivyo hivyo, zimemwaga mwanga mita kumi za kwanza mbele ya bampa, jicho linadhani ni mchana, halafu unamtafuta mtu wa mkaa aliye mita 60 kwa jicho la mchana. Ile raha ya kusema "asee taa zangu kali" inatoka hapo karibu na ndo inayodanganya.

Kingine, mwanga unaisha haraka kuliko tunavyodhani. Kitu kikienda mbali mara mbili kinapata robo ya mwanga, si nusu. Igeuze hesabu hiyo: hata ukipata balbu yenye mwanga mara mbili kamili, umbali wa kuona hauwi mara mbili, unaongezeka kama asilimia 40 hivi, yaani ulikuwa unaona mita 50 sasa unaona 70, na hapo ni kama mwanga wote umekwenda panapotakiwa. Wako haujaenda.

Kwa nini haujaenda? Tafuta ile balbu ya zamani kama fundi hajaitupa, uiangalie vizuri kwa macho (usishike kioo kwa vidole, shika kwenye chuma). Probox nyingi zinatumia balbu aina ya H4, imeandikwa hapo kwenye kitako. Ndani kuna nyuzi mbili. Mmoja uko wazi, huo wa fulu. Wa pili uko mbele zaidi na umekalia kitu kama kijiko kidogo cha chuma, huo wa dimu, na kile kijiko ndo kila kitu. Uzi wa dimu unapowaka, kijiko kinazuia mwanga usiende nusu ya chini ya reflekta (lile bakuli linalong'aa ndani ya taa), unapiga nusu ya juu tu, na ile nusu ya juu inaurudisha chini barabarani. Ule wa nusu ya chini ungepanda juu ukaingia machoni mwa watu, kwa hiyo umezibwa makusudi. Halafu kijiko kimeinamishwa upande mmoja kidogo ili mwanga upande upande wa kushoto, pembeni mwa barabara, ambako ndo wanapita watu wa miguu na baiskeli na ng'ombe. Uzi wenyewe una urefu wa kama milimita tano, mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, na mtu aliyekunja reflekta alipiga hesabu zake zote akijua mwanga utatoka pale pale, si milimita moja mbele wala nyuma.

Sasa LED inakuja na ubao bapa, vipande vya mwanga vimebandikwa huku na huku, unene wake si wa uzi, mwanga unatoka pembeni tu na juu na chini hakuna, na kijiko chake mara nyingi ni bati limebandikwa ili kifanane. Reflekta haijui kusoma boksi. Inarudisha kile inachopewa kutoka pale kilipo, kikihama na mwanga unahama, kiasi unamwagika karibu, kiasi unapanda juu, na ile sehemu kali ya katikati inayofika mbali inatawanyika. Kwa hiyo wale wanaokupigia fulu hawana chuki na wewe, kwa macho yao wewe uko fulu kweli.

Na hizo wati 200, sahau. Nimeshapima nyingi za namna hiyo kwa mita ya ampea, nakuta inakula ampea mbili, mbili na nusu, kwenye volti 13 hiyo ni wati 26 mpaka 33 kwa balbu. Kingekuwa kweli kitu kidogo kama kile kinachoma wati 100 na zaidi kingeyeyuka kabla hujafika Gungu. Lumeni 20,000 wanazoandika kwenye maboksi (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) nazo ni hivyo hivyo. Halojeni ya H4 kwa kipimo chake inatoa lumeni kama 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fulu, inaonekana kidogo kwa maandishi ila zote ziko mahali pake.

Usiniamini mimi, jaribu. Leo usiku paki mita tano kutoka kwenye ukuta mweupe, ardhi iwe tambarare, washa dimu. Halojeni iliyokaa vizuri inachora mstari: chini mwanga, juu giza, na upande wa kushoto mstari unapanda kidogo. Zako nina hakika utaona doa kubwa jeupe chini, na juu ya mstari kuna mabaka mabaka. Mabaka hayo ndo yanayoingia kwenye macho ya dereva wa semi. Kabla hujazitoa lakini, cheki kitu kimoja kwa haki ya yule fundi wa Mwanga: LED nyingi zina kola inayozunguka, na kijiko kinatakiwa kiwe chini, vipande vya mwanga vitazame kulia na kushoto. Nimeona zimefungwa kijiko kikiwa pembeni kabisa. Ukizungusha kola na mstari ukarudi ukutani, safi, umepata nafuu. Usiporudi, toa.

Isije ikaonekana nachukia LED. Gari lililotoka kiwandani na taa za LED ni habari nyingine, pale taa nzima imechorwa kwa ajili yake. Hata hizi za kubadilishia, Ujerumani wameanza kuziruhusu mwaka 2020, za Osram kisha na za Philips, lakini kwa orodha: gari hili, taa hii, balbu hii, nje ya hapo marufuku. Maana yake inawezekana ila lazima mtu apime taa moja moja. Hizi za dukani kwetu zinazosema zinaingia kila gari, nani kakupimia? Tena kuna mambo ya kwetu. Nyingi zina feni kwa nyuma, vumbi la huko unakopita kiangazi likiingia feni inakwama, LED inapata joto, inafifia, kesho upande mmoja unapepesa kama duka la simu. Na mafundi wengi wakiona feni haiingii wanatoboa au wanatupa kava la mpira la nyuma, mvua za Novemba zikianza taa inajaa ukungu ndani, na LED haina joto mbele la kuukausha kama halojeni.

Rafiki yako wa wati 100 sasa. Hilo nalijua kwa kuungua. Zamani kidogo nilikuwa na Hilux, nikajifungia mwenyewe 100/90, fundi mzima, bila kubadilisha waya maana nilisema ni usiku mmoja tu. Tumetoka Kaliua na madumu ya asali nyuma, taa zinawaka mpaka napiga mluzi, hatujafika Urambo nasikia harufu ya plastiki. Nikadhani ni moto wa porini, wanachoma majani. Dakika chache baadaye taa ya kulia ikazima, tukasimama, naweka mkono kwenye soketi imekuwa kama ubani uliowekwa kwenye makaa, pini zimezama ndani ya plastiki. Tumeingia Urambo na taa moja na tochi ya kijana aliyekaa dirishani. Hesabu yake ni rahisi, wati 55 kwa volti 12 ni ampea 4.6, wati 90 ni ampea 7.5, na joto kwenye waya halipandi sawa na ampea, linapanda kwa ampea mara ampea, kwa hiyo waya ule ule unapata joto zaidi ya mara mbili na nusu. Hapo bado swichi ya usukani na bado kioo cha taa ambacho siku hizi ni plastiki. Na waya mwembamba ukipitishiwa mzigo mkubwa unakula volti nyingi zaidi, ule mwanga ulionunua haufiki wote.

Zenoni, ile taa ya gesi isiyo na uzi, nisiikawize. Ya kiwandani ni taa nzuri sana, ile ya D2S ina lumeni 3,200 kwa wati 35 tu, lakini inakaa kwenye projekta yake (taa yenye lensi ndani), na kanuni za kimataifa zinataka chanzo cha zaidi ya lumeni 2,000 kiwe na mtambo wa kujishusha wenyewe gari likibeba mzigo pamoja na cha kusafisha kioo, kwa sababu kosa dogo linapofusha watu. Ukichukua mwanga huo ukautia kwenye reflekta ya H4 unakuwa umewapigia watu kurunzi ya mara tatu. Pia kile kiboksi chake kinawasha kwa volti zaidi ya 20,000, mtu asikwambie ufungue mwenyewe huku taa inawaka.

Basi tutafute mwanga ulikopotelea. Angalia kioo cha taa mchana, upande wa jua. Kama kimepauka au kimekuwa cha njano kama kucha za mvuta sigara, hapo ndo pa kwanza. Ile plastiki inaliwa na jua, inajaa mikwaruzo midogo, na mwanga ukipita kiasi kinazuiwa na kiasi kinatawanywa pande zote, yaani huoni na bado unapofusha. Dawa ya meno inang'arisha kweli, kwa wiki mbili tatu. Kazi yenyewe ni msasa wa maji, anza namba 1000, nenda 2000, malizia 3000, maji mengi, rangi ya gari uizibe kwa selotepu, halafu polishi, halafu, hapa ndo watu wanaruka, mwaga klia (vanishi isiyo na rangi) ya kuzuia jua. Bila klia umevua plastiki ngozi yake na miezi michache inarudi mbaya kuliko mwanzo. Kuna mteja mmoja wa Ujiji aliniletea gari kapaka mawese kwenye taa, anasema kule wanapaka inang'aa. Iling'aa, sikatai, mpaka alipopita penye vumbi, nilizikuta zimekaangwa kama maandazi. Ukiona kioo kiko safi lakini ndani reflekta imekuwa ya kijivu au inabanduka, usiifute hata kwa pamba maana ile ni rangi nyembamba ya alumini inatoka yote, hiyo taa ni ya kubadilisha.

Halafu volti, na hili ndo nalipenda maana halionekani. Uzi wa halojeni ni mdeko. Ukiupunguzia volti kwa asilimia 10, mwanga haupungui asilimia 10, unapungua kama asilimia 30. Washa injini, washa taa, pima betri, tuseme 13.8. Sasa pima nyuma ya balbu ikiwa inawaka, mita iguse pini mbili za balbu yenyewe, usiguse bodi, kwa sababu Toyota nyingi swichi inakata upande wa ethi (hasi) na ukipima kwa bodi utapata namba ya kukuchanganya. Ukikuta 12.3 umeshapoteza karibu theluthi ya mwanga wako njiani, kwenye waya wa miaka ishirini, swichi iliyochoka na ethi yenye kutu. Hicho ndo kibatari chako. Safisha ethi za mbele mpaka chuma king'ae, kama haitoshi fundi akuwekee rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme kidogo), waya wa milimita 2.5 moja kwa moja kutoka betri, kila mmoja na fyuzi yake, waya za zamani zibaki kazi ya kuamrisha rilei tu. Mwambie aangalie kwanza gari linakata ethi au pozitivu kabla hajaunga, la sivyo atakesha. Ni kazi ya nusu siku, na balbu ya kawaida ikipata volti zake utashangaa. Alteneta nayo icheki, ikiwa betrini kwenyewe unapata 12.5 injini ikiwa inazunguka, taa hazina kosa.

Balbu gani ununue? Ya jina linalojulikana, 60/55, ya rangi ya kawaida. Zile zilizopakwa bluu ziache, rangi ya bluu inakaa juu ya kioo inakula mwanga, unalipia ili upate pungufu. Zile za boksi linalosema zaidi ya asilimia 100 au 130 ni halojeni halali, uzi umebanwa vizuri zaidi, zinasaidia kidogo mbele, lakini zinakufa mapema na barabara ikiwa na mashimo zinakufa mapema zaidi. Ukitaka kujaribu jaribu, ila weka ya kawaida kwenye dashibodi.

Sasa mzigo, na hapa nadhani ndo nakugusa. Kiwandani taa ya dimu inalala chini kama asilimia moja, yaani kila mita kumi mwanga unashuka sentimita kumi. Probox yako kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma ni kama mita mbili na nusu. Ukijaza magunia ya dagaa nyuma ikazama sentimita tano tu, pua imepanda asilimia mbili. Moja iliyokuwa inashuka imeisha, nyingine imebaki inapanda! Mita 50 mbele mwanga wako umepanda nusu mita juu ya taa zenyewe, hapo ndo kwenye macho ya mtu wa gari dogo, na barabara unayotaka kuiona imebaki giza kwa chini. Hata ungefunga mshumaa ungepigiwa fulu. Angalia kushoto au kulia kwa usukani kama una kile kigurudumu chenye namba kuanzia 0, ukipakia mzigo kizungushe kwenda namba kubwa taa zishuke, ukishusha mzigo rudisha 0. Madereva wengi wanadhani ni cha mwanga wa dashibodi. Kama huna, rekebisha taa ukiwa umepakia mzigo wako wa kawaida, upepo wa tairi sawa, wewe mwenyewe umekaa: pima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, weka alama ukutani kwa urefu huo, rudi nyuma mita tano, mstari wa dimu uwe sentimita tano chini ya alama. Skrubu ziko nyuma ya taa, moja ya juu na chini, nyingine ya pembeni, hiyo ya pembeni usiichezee kama hujui. Ukifika mahali penye mashine ya kupimia taa hata mara moja lipa wakupimie, ukuta ni mzuri lakini mashine ni nzuri zaidi.

Kwa nyie watu wa Kigoma kuna kingine nakidokeza tu. Burundi na Congo wanaendesha kulia, na taa za gari lililotengenezwa kwa barabara za kulia zinapandisha mwanga upande wa kulia, ambao kwetu ni kwenye uso wa anayekuja. Ukinunua taa nzima ya mtumba iliyovuka Manyovu, iwashe ukutani kwanza. Mstari ukipanda kulia, mrudishie.

Kuhusu wewe kupofuka ukipishana na masemi. Kiasi ni wao, sitetei, kuna watu wamefunga baa ya LED juu ya kebini na hawaizimi. Usiwalipizie kwa fulu, mkishapofuka wawili nani anaendesha? Ukiona mwanga unachomoza nyuma ya kilima rudi dimu kabla gari lenyewe halijatokea, punguza mwendo, macho yahamishie kwenye ukingo wa barabara wa kushoto, usizitazame taa zake hata kama zinakuita. Punguza mwanga wa dashibodi, kioo cha ndani kikunje kile kijiti cha usiku. Na kioo kikubwa cha mbele kisafishe kwa ndani. Kwa ndani, nasisitiza, pale panajenga utando wa mafuta na vumbi na pumzi, mchana huuoni, usiku taa moja ikipiga kioo kizima kinakuwa cheupe. Mimi natumia gazeti na spiriti kidogo. Mikwaruzo ya waipa iliyochoka haitoki, waipa badilisha. Miwani ya njano wanayouza stendi eti ya usiku inapunguza mwanga unaoingia machoni, na usiku mwanga ndo unaoutafuta, achana nayo.

Lakini una miaka 46, na hapa fundi nafika mwisho wa kazi yangu. Lensi ya jicho nayo inapauka kama ya taa, taratibu, na mwanga unatawanyika ndani ya jicho lenyewe. Mimi nimepita sitini na najua. Ukiona hali ya kupofuka inazidi mwaka hadi mwaka, au taa za wenzio zinazungukwa na duara za rangi kama upinde wa mvua, au una kisukari, nenda hospitali ukamwone daktari wa macho akupime mtoto wa jicho na presha ya macho, usisubiri msasa namba 2000 maana huko haufanyi kazi. Kama jicho linauma ghafla, jekundu, na unaona hizo duara, hiyo ni ya siku hiyo hiyo, si ya wiki ijayo.

Mwendo. Najua hukuniuliza. Ukiwa 80 unakata mita 22 kila sekunde. Mpaka ubongo ushtuke na mguu ufike breki sekunde moja na nusu imekwenda, mita 33, halafu breki zenyewe kwenye lami kavu na tairi nzuri mita nyingine kama 35. Jumla karibu 70, na dimu nzuri kabisa inakuonyesha mtu wa nguo nyeusi mita 50, labda 60. Ukiwa na magunia nyuma ongeza. Kwa hiyo ukiwa dimu kipande cha kwenda Kasulu shuka 60, ukiwa peke yako barabarani weka fulu, ndo kazi yake, watu wengi wanaendesha na dimu barabara tupu halafu wanalalamika hawaoni.

Anza na kioo na ethi wiki hii, havina gharama ya maana. Ukishapima volti niandikie umepata ngapi betrini na ngapi kwenye balbu ya kulia na ya kushoto, gari likiwa na mzigo na bila mzigo kioo cha taa kiko sentimita ngapi kutoka chini, nikujue unahitaji rilei au tunashusha skrubu tu.